Maneno Yaliyofunguliwa kwa Mlango Uliofungwa

Nasma binti Rama alichaguliwa kuwa msemaji kwa sababu siku hiyo hakuwapo. Alikuwa amempeleka mwanawe Alima kituo cha afya cha Olumbi, na aliporudi jioni, homa ya mtoto ikiwa imeshuka kidogo, aliwakuta wanawake wenzake wamejaa barazani kwake. Kila mmoja alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kutua mzigo.

“Hongera, Mama Alima,” alisema Bi Sabina, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao.

“Hongera ya nini tena? Aliyepona ni mtoto.”

“Hongera ya Alhamisi. Wewe ndiye utakayesema na shefe wa posto.”

“Nani kanichagua?”

“Sote.”

“Na mimi sikuwapo!”

“Ndiyo maana hukukataa,” alisema Ancha, jirani yake, na wanawake wakacheka kwa furaha ya watu waliosalimika.

Jambo lenyewe lilikuwa mwamba wa Kifukulu. Kabla ya vita, maji ya bamvua yakipwa, wanawake wa kijiji walikuwa wakishuka mwambani kwa miguu na fimbo zao zenye ncha ya chuma, wakachokoa pweza na kuokota chaza. Mwamba ule ulikuwa shamba lao ambalo halikutaka jembe. Kisha vita vikaja, watu wakatawanyika, wengine wakaenda Mueda na wengine wakavuka Ruvuma. Waliporudi, walikuta kamba imefungwa kutoka kwenye mvinje mpaka kwenye nguzo, na askari wawili wameketi kando yake. Wanaume walioneshwa bandari nyingine ya kushushia mashua zao. Wanawake hawakuoneshwa kitu, kwa kuwa hawakuwa na mashua, na inaelekea asiye na mashua hakukumbukwa kuwa naye huenda baharini.

Sasa shefe wa posto, yaani mkubwa wa serikali katika sehemu ile, alikuwa anakuja kuwasikiliza watu. Nasma alijua thamani ya siku hiyo kuliko wote. Muuguzi wa Olumbi alikuwa amemwambia kwamba mtoto hakuumwa na homa peke yake, bali aliumwa pia na kula majani ya muhogo matupu. Kwamba mwili unaokua unataka kitoweo chenye nguvu. Kitoweo hicho kilikuwa kimelala chini ya mawe ya Kifukulu, na kati yake na sufuria ya Nasma palikuwa na kamba moja.

Hakukataa, basi. Lakini usiku ule usingizi ulimpita mbali, kwa sababu hakuwa na maneno.

Wanawake wale walikuwa wakisoma shule ya watu wazima katika chumba kimoja cha shule ya msingi, watoto wakishatoka. Mwalimu wao alikuwa Nazira, binti wa mwalimu wa madrasa kutoka Pemba, ule mji wa kusini, si kile kisiwa. Kiarabu alikitoa kwa baba yake, Kireno alikitoa shuleni, na alipenda asili za maneno kama wazee wapendavyo nasaba za watu: neno fulani ni mtoto wa nani, lilipita wapi, liliolewa na nani. Alikuwa bado kijana, mpole, na wanawake waliomzidi umri mara mbili walimwita Mwalimu kwa heshima yote.

“Mwalimu,” alisema Nasma siku ya Jumatatu, akiwa amesimama, maana alikuwa amefundishwa kwamba mwenye kuuliza husimama, “naomba maneno ya kuzungumzia na serikali. Nisije nikaenda mbele ya shefe na maneno ya jikoni.”

Nazira alifurahi. Aligeukia ubao akaandika kwa mwandiko wake mzuri: serikali, rais, siasa, raia, kura, dola. Wanawake wakasoma kwa pamoja, mara moja na mara ya pili.

“Tumeyasoma,” alisema Nasma. “Sasa ndani yake mna nini?”

Swali hilo halikuwa la ajabu kwao. Katika pwani ile, msichana akiingia unyagoni huimbiwa maneno asiyoyaelewa, kisha mlango hufungwa, na kungwi, yule mama anayewafunda, huyafungua moja moja: hili ndani yake lina hili, na lile lina lile. Neno likishafunguliwa huwa si neno tu. Huwa ni sheria ya kuishi kwake, naye halisemi tena ovyo mbele ya mtu ambaye hakufunguliwa. Nazira hakuyajua hayo. Alikulia mjini, na siku za unyago wake zilikuwa siku za mitihani.

“Swali zuri sana,” alisema Nazira. “Tuanze na serikali. Limetoka kwa Waajemi. Sehemu ya kwanza maana yake ni kichwa, na ya pili ni kazi. Serikali ni kichwa cha kazi.”

“Na kazi yenyewe?” aliuliza Ancha. “Maana kichwa tumekiona.”

Wakacheka, na mwalimu akacheka pamoja nao. Akaendelea: rais, kwa Kiarabu, naye hutokana na kichwa.

“Vichwa viwili,” alinong'ona mtu nyuma.

“Siasa pia ni la Kiarabu. Hapo kale lilihusu kumtunza farasi. Kumlisha, kumzoeza, kumwongoza.”

“Farasi mimi sijamwona hata mmoja,” alisema Ancha. “Sasa, Mwalimu, katika siasa sisi ndio tunaomtunza farasi, au farasi ndio sisi?”

“Neno halisemi hivyo, Mama. Neno linasema kutunza tu. Lakini tazameni hili, raia. Hili lilikuwa na maana ya kundi. Kundi linalochungwa malishoni, kama la kondoo, lenye mchungaji wake. Ndipo likaja kuwa na maana ya watu walio chini ya mtawala.”

Hapo hakuna aliyecheka. Nasma alilitazama neno lile ubaoni, herufi nne tu, akaona kama limefumbua jicho. Alikuwa amelisema maisha yake yote.

“Ndiyo maana ya kamba,” alisema mwanamke mmoja kwa sauti ya chini.

Bi Sabina aliinuka. Alikuwa kungwi wa kijiji kile tangu zamani, ingawa katika chumba kile alikuwa mwanafunzi ambaye bado hajazitofautisha b na d. Alivua upande mmoja wa kanga yake, akautundika mlangoni mpaka mlango wote ukafunikwa, kisha akafunga dirisha. Chumba kikawa na giza la kijani la kanga ile.

“Jua limekuwa kali, Bibi?” aliuliza Nazira.

“Endelea sasa, mwanangu,” alisema Bi Sabina.

Nazira aliendelea. Alisema kwamba kura ni kile kijiti au kijiwe kinachotupwa ili bahati iamue, na kwamba watu wa kale walichagua hivyo kabla ya masanduku na karatasi. Alisema kwamba dola asili yake ni mzunguko, zamu. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Alisema, kwa kuwa sasa utamu ulikuwa umemshika, kwamba hata neno la Kireno la mgombea, kandidatu, ndani yake lina weupe, kwani Warumi waliotafuta vyeo walivaa nguo nyeupe.

“Basi Ijumaa msikiti mzima ni wagombea,” alisema Ancha, lakini alilisema polepole, na kila neno lilipofunguliwa wanawake walipiga kofi moja hafifu kwenye mapaja yao. Nazira alidhani wanampongeza. Nasma alijua kofi lile ni la nini. Ni kofi la wali, wasichana wanaochezwa unyagoni, wakishapokea neno.

Somo lilipokwisha, kila mmoja alipita mezani akaacha kitu: yai, viazi viwili, kipande cha nazi.

“Mama zangu, ya nini yote haya?” Nazira alishika mashavu yake. “Mimi ni mwalimu wenu tu.”

“Tunajua wewe ni nani,” alisema Bi Sabina, na akamwinamia.

Njiani, Nasma alimshika Bi Sabina mkono. “Bibi, mbona ulifunga mlango?”

“Ulitaka nimwache mtoto wa watu afungue mambo kama yale uwanjani, na wanaume wanapita? Mmefunguliwa. Sasa mnajua adabu yake.”

“Lakini wanaume wanayasema maneno haya kila siku. Redioni wanayasema!”

“Wanayasema yakiwa mazima. Nazi isiyovunjwa hata mtoto huichezea mpira. Wewe umekwisha kuivunja, Mama Alima. Utakwenda kuichezea mpira?”

“Alhamisi nitasema nini, basi?”

Nasma aliona, kwa hofu, kwamba hata Bi Sabina hajui. “Ulitaka maneno ukapewa,” alisema Bi Sabina. “Sikujua kama yana uzito huu.”

Nasma alikwenda nyumbani akibishana na nafsi yake. Huu haukuwa unyago. Hapakuwa na ngoma, hapakuwa na mwali, na kungwi mwenyewe hakujua kwamba yeye ni kungwi. Kichwa chake kilimwambia kwamba maneno yale ni ya watu wote, kama barabara. Lakini alipofika uani, redio ya mumewe ilikuwa ikizungumza kwenye meza ya vifaa vyake, na msomaji wa habari akasema raia, na mkono wa Nasma ukaenda kinywani bila kuagizwa.

Mumewe, Amisse, fundi wa pikipiki, aliinua uso kutoka kwenye mnyororo aliokuwa akiupaka mafuta. “Mama Alima, mmesoma nini leo?”

“Maneno.”

“Maneno gani?”

“Siwezi kukwambia.”

“Huwezi? Shule ya serikali, inafundisha maneno ya…”

Nasma alishusha macho na kujifunika kwa ncha ya kanga.

“Haa! Unanificha uso kama mwali? Nimesema nini? Nimesema serikali.”

“Usiliseme tena, Baba Alima, tafadhali.”

“Serikali!” alisema Amisse kwa majaribio, na mkewe akajifunika tena. Alima, aliyekuwa amelala mkekani, alicheka kwa mara ya kwanza tangu augue. “Serikali, serikali!” Amisse aliongeza, kwa ajili ya kicheko cha mtoto. Kisha akauweka mnyororo chini. “Sasa nieleze. Alhamisi utazungumza na shefe kwa ishara, kama bubu?”

Nasma alikaa mkekani kando ya mtoto. “Siku ya ndoa yetu,” alisema, “ulipofika mlangoni kwetu uliukuta mchi umelazwa chini. Ulisema nini?”

“Sikusema kitu. Niliuokota.”

“Kwa nini hukuuruka?”

“Ningeuruka ningekuwa nimekukataa mbele ya ukoo mzima. Anayetaka huokota, asiyetaka huruka. Nani asiyejua?”

“Nani alikufundisha?”

“Hakuna. Mambo mengine mtu huyajua tu.” Alimtazama. “Kwani kuna nini?”

“Sijui,” alisema Nasma, na hakuwa akificha kitu.

Jumatano alikwenda nyumbani kwa mwalimu, akamkuta uani, lango likiwa wazi, anakuna nazi. Nasma alichukua mbuzi ya kukunia nazi kutoka kwake, maana si vizuri mgeni kukaa mikono mitupu, akaanza kukuna.

“Mwalimu, nipe maneno mengine. Yale siwezi kuyatumia.”

“Kwa nini, Mama Alima?”

“Mwalimu, wewe ulichezwa?”

“Kuchezwa nini?”

Nasma alikuna nazi kwa nguvu. Utamwambiaje kungwi kwamba yeye ni kungwi? “Basi. Nipe mengine tu.”

“Sema haki. Mnadai haki yenu.”

“Ndani yake?”

“Ni lililo kweli, lililothibiti. Na ni katika majina ya Mwenyezi Mungu.”

Nasma aliacha kukuna. Kumpelekea shefe jina la Mwenyezi Mungu kwa ajili ya pweza? “Jingine.”

“Ruhusa. Mwombe ruhusa.”

“Na ndani ya hilo?”

Nazira alisita, lakini alikuwa mkweli. “Ndani yake mna kulegeza, kuondoa uzito. Shina lake ni lile lile lililozaa neno rahisi, kitu kisicho ghali.”

“Kwa hiyo tukiomba ruhusa tumejifanya rahisi.”

“Hapana, Mama Alima, hapana! Sikiliza, mama yangu, unanitia hofu. Asili ya neno si amri yake. Neno huhama nyumba, kama mtu.”

“Mtu akihama nyumba hubadilisha baba?”

Nazira alifikiri. “Habadilishi baba. Lakini hubadilisha majirani, na mtu huishi na majirani.”

Hilo lilikuwa jibu jema, na Nasma alilisikia wema wake, lakini lilimwongezea giza. Sasa hakujua kama aende kwa baba wa neno au kwa majirani zake.

“Basi sema mwananchi,” alisema Nazira. “Hili ni letu, halina mlango. Mwana wa nchi.”

“Nchi ipi, Mwalimu? Mama yangu alinizaa ng'ambo ya Ruvuma, kwa Watanzania, akanileta huku mgongoni.”

Wote wawili walitazama nazi, ambayo ilikuwa imekunwa mpaka kwenye kifuu na sasa ilikuwa ikitoa unga mweusi.

Alhamisi asubuhi ilikuwa siku ya bamvua. Nasma alipotoka nyumbani alichukua kikapu na fimbo yake ya pweza. Hakuwa na kusudi. Siku za bamvua mkono wake ulivichukua vitu hivyo wenyewe, hata tangu kamba ifungwe, na mara nyingi alishituka yuko kisimani na fimbo. Alikuta wanawake wengine kadhaa wamefanya vivyo hivyo, na kila mmoja aliona haya kumuuliza mwenzake.

Watu walikusanyika uwanjani mwa shule, chini ya turubai. Wanawake walikaa mbele kwenye mikeka, wanaume wakasimama nyuma. Shefe Domingos alifika kwa gari ndogo, mtu mnene, mpole, mwenye kitambaa cha kufutia jasho. Alizaliwa mbali, Zambezia, na Kiswahili chake alikijifunza sokoni Mocímboa, kwa hiyo alikuwa hodari katika maneno ya kupatana bei kuliko katika hotuba.

Alisimama, akatabasamu, akanyoosha mikono. “Raia wenzangu!”

Wanawake wote, kama mawimbi ya upepo mmoja, walishusha macho na kufunika vinywa kwa kanga.

Shefe alitazama vifungo vya shati lake. Vilikuwa sawa. Alipitisha kitambaa kinywani, labda palikuwa na chembe ya chakula. “Nimekuja,” alisema kwa uangalifu, “kwa niaba ya serikali.”

Vichwa vikashuka tena, na mahali fulani Ancha alitoa kicheko chembamba kilichonyongwa katikati. Wanaume walitazamana. Amisse alijikuna shingo.

“Professora,” shefe alimnong'oneza Nazira aliyekuwa kando yake, “nimekosea Kiswahili?”

“Hapana, Shefe. Umesema sawasawa kabisa.”

“Mbona wanaona haya?”

“Sijui. Juzi walinipa mayai.”

Shefe hakujua afanye nini na mayai hayo, akaamua kufupisha. “Nani atasema kwa ajili ya kina mama?”

Nasma alisimama. “Shefe, karibu kwetu. Mwamba wa Kifukulu uko pale nyuma ya mivinje. Bibi zetu walikwenda, mama zetu walikwenda, na sisi tulikwenda. Maji yakitoka tunashuka, maji yakirudi tunarudi. Hatuna mashua, tuna miguu. Tangu vita kuna kamba. Watoto wanakula majani. Tunataka kushuka.”

Shefe alitikisa kichwa kwa huruma, na ilikuwa huruma ya kweli.

“Nimekuelewa, mama. Mwanamke kama wewe ndiye aliyenilea. Lakini nikifika wilayani hawataniuliza habari za pweza. Wataniuliza neno moja tu: hao wanawake wanaomba ruhusa, au wanadai haki? Hizo ni njia mbili, na kila njia ina meza yake. Niambie moja, niende nayo.”

Nasma aliona njia hizo mbili, naye hakuweza kukanyaga hata moja. Ruhusa ilikuwa urahisi. Haki ilikuwa jina ambalo asingelitaja bila udhu. Tena hakujua kama maneno hayo yamefungwa au la, kwa kuwa yale ya kwanza yalifunguliwa chumbani chini ya kanga, lakini haya mawili yalifunguliwa uani, lango likiwa wazi na kuku wakisikia. Bi Sabina hakuwa ametoa hukumu juu ya ua. Nasma alimgeukia. Bi Sabina alikuwa ametazama chini, akichora kwa kidole mavumbini kitu ambacho huenda kilikuwa b na huenda kilikuwa d.

“Mama?” alisema shefe.

Nasma alifumbua kinywa. Hakuna kilichotoka.

“Chochote, mama. Hata nusu.”

Shefe alitazama jua, akamtazama dereva wake. “Basi, kama hakuna ombi wala dai, nitawaambia kwamba tumeonana na tumesalimiana. Mungu akipenda nitarudi mwakani.” Akakunja kitambaa chake na kuanza kutembea kuelekea kwenye gari.

Nasma alimwona Alima amesimama mbele ya baba yake, shingo nyembamba kama ya ndege aliyenyonyolewa. Huyu mtu anaondoka, aliwaza, na kamba inabaki, na ni mimi niliyekosa neno. Kisha hakuwaza tena. Alichukua fimbo yake ya pweza, akamtangulia shefe kwa hatua za haraka, akailaza chini, kati yake na gari, akarudi nyuma na kukunja mikono kifuani.

Wazee waliokuwa wakinong'ona waliacha. Hapakuwa na mtu pale, ila wawili, ambaye hakujua kitu kilicholazwa njiani ni swali.

Wa kwanza kati ya hao wawili alikuwa Nazira. Wa pili alisimama mbele ya fimbo, akaitazama, akamtazama yule mama aliyechoka. Aliinua mguu.

Nasma alifumba macho.

Lakini shefe alikuwa amelelewa vyema huko kwao, na mtu aliyelelewa vyema hauachi mzigo wa mwanamke mavumbini. Aliurudisha mguu chini. Akashika kiuno, akainama kwa shida, akaiokota fimbo, akaipangusa kwa kitambaa chake.

“Mama,” alisema, “umeangusha fimbo yako.”

Kigelegele cha kwanza kilikuwa cha Bi Sabina. Cha pili kilikuwa cha wote. Mikeka ilipinduka, vikapu vikapanda vichwani, na kabla shefe hajakamilisha kunyoosha mgongo wake, wanawake walikuwa wamekwisha kumpita pande zote mbili kama maji yanavyoupita mti, wakielekea kwenye mivinje, na Nasma akiwa katikati yao, mikono mitupu.

“Nimefanya nini?” aliuliza shefe.

“Sijui, Shefe,” alisema Nazira. “Wallahi, sijui.”

“Umekubali, Shefe,” alisema Amisse kutoka nyuma. “Mimi nilifanya hivyo hivyo mlangoni kwao, na sasa nina mke na mtoto.”

Shefe aliitazama fimbo iliyo mkononi mwake kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwingine. Kisha akawakimbilia. “Ngojeni! Mama! Ngojeni kidogo!”

Askari wawili kwenye kamba waliinuka. Waliona wanawake wengi wanakuja kwa nyimbo, na nyuma yao shefe wa posto mwenyewe anakimbia, amenyanyua fimbo juu, anapaza sauti. Hawakusikia anachosema. Waliona tu kwamba mkubwa amekuja na kundi lake. Mmoja wao akapiga saluti, na wa pili akaifungua kamba.

Nasma alivuka pamoja na wenzake. Maji yalikuwa yametoka mpaka mbali, mwamba umelala wazi, mweusi, unang'aa, na harufu yake ilimwingia mpaka akataka kulia. Aliinama kwenye tundu alilolijua tangu usichana wake, ndipo akakumbuka kwamba hana fimbo. Akarudi.

Shefe alikuwa amesimama pale kamba ilipokuwa, anahema, viatu vimejaa mchanga. Nazira alikuwa amemfikia, naye anahema.

“Fimbo yangu, Shefe.”

Hakuiachia. “Mama, nitakupa. Lakini nisaidie. Kule wilayani wataniuliza. Hapa nimetoa ruhusa, au nimetambua haki? Lazima niwe na neno.”

Nasma alitamani kumsaidia, kwa kuwa alimwona ni mtu mwema na alijua jinsi inavyouma kusimama bila neno. Tena palikuwa na kitu kilichomchoma. Mtu huyu alikuwa ameokota asichokijua, mbele ya watu, kwa sababu tu kilikuwa kimelazwa mbele yake. Je, huko ni kukubali? Lakini na yeye Nasma alikuwa ameokota neno raia tangu utoto wake, na siasa, na yote yale, jinsi yalivyolazwa mbele yake na redio, na hakuna aliyemuuliza kama anajua.

Alimtazama Nazira, kama mwali amtazamavyo kungwi. Nazira alitikisa kichwa pole pole. Hata yeye hakuwa nalo neno hilo.

“Shefe,” alisema Nasma, “hata mimi ninalitafuta. Maji yakijaa, nitakuja tulitafute wote.”

“Na kesho je, mtashuka tena?”

“Kesho sijui.”

Shefe alitazama bahari, ambako wanawake walikuwa wameinama kila mahali na Ancha alikuwa amekwisha kupiga yowe la kwanza la kupata. Akampa fimbo.

Nasma aliingia mwambani kwa haraka, maana maji ya bamvua hayamsubiri mwenye mawazo. Nyuma yake alimsikia yule askari, ambaye bado alikuwa ameshika ncha ya kamba, akiuliza kwa heshima:

“Shefe, niifunge tena?”

Hakusikia jibu. Alipenyeza ncha ya chuma tunduni, akaisukuma taratibu kama alivyofundishwa, na huko ndani, gizani, kitu kikaishika.